Dawa ya Chembe Ndogo Isiwe Dawa ya Wachache

Kila chombo kipya cha tiba kinapozaliwa duniani hukabiliwa na maswali mawili. Swali la kwanza ni la wataalamu, nalo ni hili: je, chombo hiki kinafanya kazi? Swali la pili ni la wagonjwa na jamaa zao, wale wanaokesha katika mabaraza ya hospitali wakisubiri majibu: je, chombo hiki kitamfikia nani, na kitamfikia lini? Swali la kwanza hujibiwa kwa makini na kwa fedha nyingi. La pili aghalabu huachwa lijijibu lenyewe, na likiachwa hivyo jawabu lake hujulikana kabla halijatolewa: mwenye fedha atapata kwanza, na maskini atangoja.

Elimu ya kutumia chembe ndogo mno katika kuipiga picha saratani na kuitibu imekwisha fika mahali ambapo maswali yote mawili hayana budi kuulizwa kwa pamoja. Si elimu ya ndoto tena. Imo katika hospitali, imo katika viwanda, na imo katika hesabu za makampuni makubwa ya dawa. Yafaa wananchi waielewe, kwa sababu jambo lisiloeleweka huwa ama linaogopwa bure ama linaabudiwa bure, na hali zote mbili humnufaisha mlanguzi.

NI CHEMBE ZA NAMNA GANI?

Mita moja ikigawanywa katika mafungu bilioni moja, fungu moja ndilo liitwalo nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe zinazozungumzwa hapa, ambazo wataalamu huziita chembe za nano, kwa kawaida zina upana wa nanomita 10 hadi 200. Kwa hiyo ni ndogo kiasi cha kusafiri ndani ya mishipa ya damu bila ya kuiziba, lakini ni kubwa kiasi cha kubeba mzigo wa dawa.

Haja ya chembe hizo ilitokana na ubaya wa dawa za saratani zenyewe. Dawa nyingi za kuua saratani ni sumu, na sumu haina macho. Huua chembe hai za uvimbe, lakini huua pia chembe hai za utumbo, za uboho na za mizizi ya nywele. Doksorubisini, mojawapo ya dawa zenye nguvu zaidi dhidi ya saratani, ina dhara la pekee: huuchosha na kuuharibu moyo, hata daktari hulazimika kuhesabu kiasi chote alichompa mgonjwa na kusimama afikapo kikomo, ijapokuwa uvimbe bado upo.

Mapema katika miaka ya 1960, mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Alec Bangham, aliyekuwa akifanya kazi karibu na Cambridge, aliona kwamba mafuta ya aina fulani yakitiwa katika maji hujikunja yenyewe na kufanya viputo vidogo vyenye ukuta, mfano wa ukuta wa chembe hai. Viputo hivyo vikaitwa liposomu. Baadaye, huko Jerusalem, Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon walitafuta njia ya kuijaza doksorubisini ndani ya viputo hivyo. Walikumbana na tatizo: walinzi wa mwili, yaani zile chembe hai zinazomeza kila kitu kigeni katika damu, walivikamata viputo na kuvipeleka kwenye ini na wengu kabla havijafika kwenye uvimbe. Dawa ya tatizo hilo ikawa ni kuvivika viputo vazi la nyuzi nyembamba za polietilini glaikoli, vazi linalovuta maji na kuwafanya walinzi wasivitambue upesi. Kiputo kilichovikwa hivyo, chenye upana wa nanomita 100 hivi, huweza kuzunguka katika damu kwa siku kadhaa.

Dawa hiyo, iliyopewa jina la Doxil, iliidhinishwa na Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani mwaka 1995. Ndiyo dawa ya kwanza ya chembe za nano kuruhusiwa kutumiwa katika nchi hiyo. Ugonjwa ulioruhusiwa kutibiwa nayo kwanza ulikuwa ni saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI. Msomaji aushike mwaka huo na ugonjwa huo, kwani vitarudiwa.

KUUONA UGONJWA KABLA HAUJAENEA

Kazi ya pili ya chembe hizi ni kuuonyesha ugonjwa mahali ulipojificha. Saratani inapoanza kutoka mahali ilipozaliwa, mara nyingi hupita kwanza katika tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kwenye kinena watu huziita mitoki. Daktari anapotaka kujua kama saratani imekwisha ingia humo, kipimo chake cha kawaida katika picha ni ukubwa: tezi kubwa hutiliwa shaka, na tezi ndogo huachwa. Lakini saratani haingoji tezi iwe kubwa ndipo iingie.

Mwaka 2003 ulitangazwa utafiti uliofanyiwa wanaume 80 wenye saratani ya tezi dume. Walidungwa chembe ndogo za oksidi ya chuma, kisha wakapigwa picha kwa mashine ya MRI, ile inayotazama ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Jambo linalotokea ni rahisi kulifahamu. Tezi nzima ina walinzi wa mwili ndani yake. Walinzi huzimeza chembe za chuma, na tezi huonekana nyeusi katika picha. Sehemu iliyotekwa na saratani haina walinzi hao, kwa hiyo hubaki nyeupe. Kwa picha za kawaida, tezi zenye saratani zilizotambuliwa zilikuwa asilimia 35 tu. Kwa picha za chembe za chuma zilikuwa zaidi ya asilimia 90.

Mtu angetarajia kwamba baada ya matokeo hayo chembe hizo zingeenea hospitali zote duniani. Haikuwa hivyo. Mwaka 2007 ombi la kuidhinishwa kwake katika Ulaya liliondolewa na waliolileta, na kwa miaka mingi baada ya hapo kazi hiyo iliendelezwa na vituo vichache tu, hasa kile cha Nijmegen katika Uholanzi. Katika tiba, kilicho kizuri na kilicho sokoni si kitu kimoja.

Iko habari nyingine ya chuma ambayo ni ya manufaa ya karibu zaidi. Mwanamke mwenye saratani ya matiti anapofanyiwa upasuaji, daktari hutaka kuijua ile tezi ya kwapani ambayo ndiyo lango la kwanza la ugonjwa. Ikiwa tezi hiyo ni safi, hakuna haja ya kuondoa tezi nyingine zote za kwapa, na mama huyo huokolewa na uvimbe wa mkono ambao ungeweza kumsumbua maisha yake yote. Kwa miaka mingi tezi hiyo ya lango imekuwa ikitafutwa kwa chembe ndogo zilizotiwa teknesiamu yenye mionzi. Lakini teknesiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya saa 6, nayo huhitaji idara ya nyuklia katika hospitali. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha chembe za oksidi ya chuma kwa kazi hiyo hiyo, ambazo hutafutwa kwa kifaa cha sumaku kinachoshikwa mkononi. Chuma hakiozi baada ya saa 6, na wala hakitoi mionzi. Kwa hospitali iliyo mbali na mji mkuu, tofauti hiyo si ndogo.

MOTO, DHAHABU NA MIONZI

Ziko njia nyingine ambazo si za kubeba dawa wala za kupiga picha, bali ni za kuushambulia uvimbe kwa nguvu. Katika mji wa Berlin wataalamu walitia chembe za chuma ndani ya uvimbe wa ubongo, kisha wakazitikisa kwa sumaku inayogeuka-geuka hadi zikapata joto la kuudhoofisha uvimbe. Njia hiyo ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010. Katika mji wa Houston, Naomi Halas na Jennifer West walitengeneza vijipira vya silika vilivyofunikwa kwa dhahabu, ambavyo vikimulikwa kwa mwanga usioonekana kwa macho hupata joto kali mahali vilipo tu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya kwanza ya njia hiyo kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Mwaka huo huo, Ulaya ilikipa kibali kitu cha tatu, nacho ni chembe za oksidi ya hafni kutoka Ufaransa, zinazodungwa katika uvimbe ili mionzi ya kawaida ya tiba ifanye kazi kwa ukali zaidi. Katika utafiti wa wagonjwa 180 wa saratani ya nyama laini, uvimbe uliokufa karibu wote ulionekana kwa asilimia 16 ya waliopewa chembe pamoja na mionzi, na kwa asilimia 8 ya waliopewa mionzi peke yake.

Asilimia 16 dhidi ya asilimia 8 ni maendeleo. Lakini si muujiza, na yeyote anayeuza maendeleo kwa bei ya muujiza hana budi kuulizwa.

UKWELI USIOPENDEZA

Hapana budi kusema wazi kwamba sifa za chembe hizi zimetiwa chumvi. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe ina matundu, na kwamba vitu vyenye ukubwa fulani hupenya humo na kukaa. Maelezo hayo yakawa msingi wa matumaini makubwa: chembe zitajipeleka zenyewe kwenye saratani na kuacha mwili mwingine salama. Lakini mwaka 2016 Warren Chan na wenzake wa Toronto walikusanya tafiti za miaka 10 zilizofanyiwa wanyama, wakahesabu ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilichofika kwenye uvimbe kweli. Jawabu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Katika kila chembe 1,000 zilizotumwa, 7 ndizo zilizofika; nyingine nyingi ziliishia kwenye ini, kwenye wengu na kwingineko.

Vilevile faida kwa mgonjwa si ile iliyotangazwa na wapiga debe. Katika utafiti wa wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyoenea, uliochapishwa mwaka 2004, doksorubisini ya viputo ililinganishwa na doksorubisini ya kawaida. Nguvu dhidi ya saratani ilikuwa sawasawa. Kilichotofautiana ni moyo: waliopewa dawa ya viputo walipata madhara machache zaidi ya moyo, ingawa wengi wao waliumwa na ngozi ya viganja na nyayo. Kumwokoa mgonjwa na ugonjwa wa moyo ni jambo jema sana. Lakini kupunguza dhara ni jambo moja, na kurefusha maisha ni jambo jingine.

Hali kadhalika paklitakseli, dawa iliyotoka kwanza katika ganda la mti wa yew wa Pasifiki. Haiyeyuki katika maji, na kwa hiyo iliyeyushwa kwa kiyeyushi kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, ambacho huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Mwaka 2005 ikaidhinishwa paklitakseli iliyofungwa katika chembe za albumini, ambayo ni protini ya damu, yenye upana wa nanomita 130 hivi. Ilipotumiwa pamoja na dawa nyingine katika saratani ya kongosho kwa wagonjwa 861, nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 8.5, ilhali kwa wale wasioipata ilikuwa ni miezi 6.7. Miezi hiyo miwili ni mali kwa mtu anayetaka kuaga watoto wake vizuri. Lakini serikali inayogawa fedha haba ina haki, na pia ina wajibu, wa kuuliza miezi hiyo imenunuliwa kwa kiasi gani, na kwa fedha hiyo hiyo wangeokolewa watu wangapi wengine kwa njia nyingine.

Hata wafanyabiashara wenyewe wameonja ukweli huo. Kampuni ya Kimarekani ya BIND Therapeutics, iliyosifiwa sana kwa chembe zake za kulenga uvimbe, ilifilisika mwaka 2016. Ile ya Ujerumani iliyokuwa na njia ya joto la chuma ilifilisika mwaka 2022. Elimu ikiachwa mikononi mwa soko peke yake, hufa pale faida inapokufa, hata kama haja ya wagonjwa bado iko hai.

DAWA ILIYOPITA NJIA NDEFU

Sasa na warudiwe wagonjwa wa Kaposi. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza na daktari Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, lakini nyumbani kwake hasa ni Afrika ya Mashariki na ya Kati. Ulikuwapo kabla ya UKIMWI, na ulipokuja UKIMWI ulizidi maradufu, ukawatoa watu mabaka ya rangi ya zambarau kwenye ngozi, ukawavimbisha miguu, na kwa wengine ukaingia hadi kwenye mapafu. Dawa za kupunguza makali ya virusi zimeusaidia sana umma, lakini mgonjwa aliyefika hospitali akiwa amezidiwa bado huhitaji dawa ya saratani yenyewe.

Ikiwa palikuwa na mahali popote duniani ambapo dawa ya viputo ya mwaka 1995 ilistahili kupelekwa upesi, basi palikuwa ni hapo: Kampala, Dar es Salaam, Lusaka, Lilongwe. Je, ilipelekwa? Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, kwa ajili ya Kaposi, katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2023. Tangu 1995 hadi 2023 ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa mwaka dawa ilipoidhinishwa Marekani alikuwa mtu mzima kabla dunia haijakubali kwamba dawa hiyo ni ya lazima kwa wale wanaougua zaidi ugonjwa huo.

Katika miaka hiyo ya kungoja, madaktari wa Afrika hawakukaa bure. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, uliokusudiwa kutafuta tiba bora ya Kaposi katika nchi zenye uwezo mdogo. Katika tiba tatu zilizolinganishwa, paklitakseli ya kawaida ilishinda. Dawa ya viputo haikuwamo katika mashindano hayo. Utafiti huo ni sifa kwa walioufanya. Lakini ni ushahidi pia wa jinsi dunia ilivyogawanyika: wengine huuliza dawa ipi ni bora, na wengine hulazimika kuuliza dawa ipi ni bora miongoni mwa zile zinazoweza kununuliwa.

Tena iko habari moja ambayo yafaa ikumbukwe na kila mwenye kudhani kwamba nchi zisizo tajiri haziwezi kutengeneza vitu vya elimu ya juu. Mwaka 2011 kiwanda cha Marekani kilichokuwa kikitengeneza Doxil kilikwama, na wagonjwa wa nchi iliyo tajiri kuliko zote wakakosa dawa. Walioteseka walikuwa ni pamoja na wanawake wenye saratani ya ovari waliokuwa katikati ya matibabu. Ni nani aliyewaokoa? Mwezi Februari 2012 serikali ya Marekani iliruhusu kuingizwa kwa dawa ya viputo iliyotengenezwa na kampuni ya Sun Pharma ya India, na mwaka uliofuata ikaiidhinisha rasmi dawa ya kampuni hiyo, yenye kiini kile kile na isiyobeba jina la kampuni asilia. Dawa ambayo mtu angeiita duni kwa sababu imetoka nchi ya ulimwengu wa tatu ndiyo iliyojaza pengo katika hospitali za Marekani.

CHEMBE ILIYOWAFIKIA WATOTO WA WAKULIMA

Ipo chembe moja ya nano ambayo imekwisha wafikia maelfu kwa maelfu ya mabinti wa Afrika Mashariki, ingawa ni wachache wanaoiita kwa jina hilo. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi imetengenezwa kwa protini ya kirusi cha HPV, protini inayojipanga yenyewe na kufanya kijipira chenye upana wa nanomita 50 hadi 60. Kijipira hicho kina sura ya kirusi lakini ndani hakina mbegu yoyote ya ugonjwa. Mwili hujifunza kukikataa, na siku kirusi cha kweli kinapobisha hodi hukuta mlango umefungwa.

Saratani hiyo iliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani mwaka 2022 na kuwaua 350,000 hivi, na katika kila vifo 100 vifo 94 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania ilianza kutoa chanjo hiyo kwa nchi nzima mwaka 2018. Tatizo lilikuwa ni gharama na taabu ya kumrudisha binti mara ya pili. Ndipo elimu ilipofanya kazi yake katika ardhi ya Afrika yenyewe. Mjini Mwanza wasichana 930 walishiriki katika utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Nchini Kenya, wanawake vijana 2,275 walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba dozi moja ilikuwa na kinga ya zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za kirusi zilizo hatari zaidi, baada ya miezi 18. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaifuata njia hiyo.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Katika Kaposi dawa ilikuwapo lakini ilingojwa miaka 28. Katika mlango wa kizazi watafiti na mabinti wa Mwanza na wa Kenya waliingia katika utafiti wenyewe, swali lililoulizwa lilikuwa ni swali la nchi zao, na jawabu likapunguza gharama kwa dunia nzima.

WAJIBU ULIOPO

Wapo wanaodai kwamba mazungumzo ya chembe za nano ni anasa kwa nchi ambazo bado zina upungufu wa mashine za mionzi, wapimaji wa vinyama na hata dawa za kutuliza maumivu. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba mgonjwa anayefika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha enea hataokolewa na kiputo cha aina yoyote. Ni kweli pia kwamba shilingi ya kwanza iende katika kuutambua ugonjwa mapema, katika maabara za vinyama, katika mionzi na katika dawa za maumivu. Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo ni ya hatari, kwa maana inamwambia maskini angoje hadi kila kitu cha jana kitimie ndipo afikirie cha leo. Anayengoja hivyo hupewa bei iliyopangwa na wengine kwa ugonjwa uliochaguliwa na wengine.

Kwa hiyo mambo manne hayana budi kufanywa.

Kwanza, nchi za Afrika Mashariki zinunue kwa pamoja dawa za chembe ambazo faida yake imethibitishwa na ambazo zimo katika orodha ya dawa za lazima. Mnunuzi mmoja mdogo huambiwa bei. Wanunuzi wengi walioungana huuliza bei. Dawa za viwanda vya India zipimwe kwa ukali na maabara za taifa, kwa kuwa kiputo kilichotengenezwa vibaya huvuja sumu yake njiani. Na zikishapita kipimo, zitumike bila ya kuonewa haya.

Pili, utafiti wa Mwanza usiwe wa kwanza na wa mwisho. Hospitali zinazotibu saratani, kama Taasisi ya Saratani ya Ocean Road katika Dar es Salaam, Bugando katika Mwanza, KCMC katika Moshi, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza kazi mwaka 1967, zina wagonjwa na zina madaktari wenye uzoefu. Chembe za chuma za kutafuta tezi ya lango katika saratani ya matiti ni mfano mmoja wa jambo linaloweza kupimwa humo, ili ijulikane kama linaleta nafuu na kama gharama yake inabebeka.

Tatu, viwanda. Chanjo za UVIKO zilizoanza kutumika mwaka 2020 na ambazo zilibebwa katika viputo vya mafuta ziliifundisha Afrika uchungu wa kusimama mwisho wa foleni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliichagua Cape Town iwe kituo cha kufundisha elimu hiyo, na wataalamu wa kampuni ya Afrigen wakaonyesha kwamba viputo hivyo vinaweza kutengenezwa katika bara hili. Elimu ya kukipakia kiputo chanjo na elimu ya kukipakia dawa ya saratani ni ndugu wa karibu. Vijana wa kemia na famasia wa vyuo vikuu wapelekwe kujifunza sasa, na wakirudi wakute mahali pa kufanyia kazi, wasiishie kuuza vidonge katika maduka.

Nne, wananchi walindwe na walaghai. Neno nano limekwisha bandikwa kwenye vikuku, maji, unga na mafuta ya kupaka yanayodaiwa kutibu kila saratani. Dawa ya chembe ya kweli hutolewa hospitalini, kwa dripu au kwa sindano, chini ya daktari anayejua madhara yake, na daktari huyo hadai kwamba inaponya kila kitu. Anayedai hivyo anauza maneno. Mamlaka zenye wajibu zisingoje hadi mama aliyekuwa na uvimbe mdogo wa titi arudi na kidonda baada ya mwaka mzima wa kunywa maji ya bei ghali.

Chembe zenyewe hazina upande. Chuma hakijui mwenye nacho na asiye nacho, na kiputo cha mafuta hakiulizi pasi ya kusafiria. Miaka 28 ya wagonjwa wa Kaposi ilitokana na maamuzi ya binadamu kuhusu bei, hataza na nani ahesabiwe kwanza. Maamuzi yaliyofanywa na binadamu yanaweza kubadilishwa na binadamu. Chembe nyingine zinatengenezwa sasa katika maabara za Houston, Berlin, Toronto na Mumbai, na baadhi yake zitafaa. Wizara za afya za Afrika Mashariki zianze leo kuuliza zitamfikia nani na zitamfikia lini, kabla bei haijaandikwa.